Laini moja ikitoka, mzigo wake unaenda wapi?

Kuran, yaani umeme, ikikatika mji mzima hapa Lubumbashi, utasikia watu wanauliza "nini imelipuka?" Mimi kazi yangu ni kuchambua laini kubwa za umeme, na swali langu ni lingine: mzigo wa kile kilichotoka, yaani kilichokatika kwenye mtandao, umemwangukia nani?

Chukua laini tatu zinazofanana, zimeungwa pamoja, kila moja uwezo wake megawati 100. Zikibeba 60 kila moja halafu moja ikatoka, mbili zinabaki na 90, zinavumilia. Sasa zipandishe mpaka 70, mkubwa wa ofisi bado anaona akiba ya 30 anafurahi, lakini moja ikitoka zilizobaki zinapata 105, moja inashindwa, ya mwisho inapigwa na 210 peke yake na basi, giza. Tena kwenye mtandao wa kweli laini hazifanani, umeme hauulizi nani ana nafasi, unajigawa kufuata impedansi, yaani ukinzani wa kila njia, kwa hiyo kila laini ikitoka tunapiga hesabu yote upya, aliyezidiwa naye tunamtoa, tunarudia mpaka mtandao utulie au uishe.

Lakini hesabu hiyo peke yake inadanganya. Agosti 14, 2003 kule Ohio, Marekani, laini ya kilovolti 345 ya Chamberlin-Harding iligusa mti ikatoka saa tisa na dakika tano alasiri, na ilikuwa imebeba asilimia 44 tu ya uwezo wake! Miti haikukatwa, ndo hivyo. Mzigo ukahamia kwa jirani, waya ukipata joto unarefuka unalegea, nayo Hanna-Juniper ikagusa mti, kisha ya tatu, na huko chumba cha kuongozea mtandao programu ya alamu ilikuwa imekufa bila mtu kujua. Saa kumi na dakika tano ikatoka Sammis-Star, na hii ndiyo ninayoipenda kuonyesha vijana, maana hapakuwa na mti wala shoti. Relei ni kifaa kinachokata laini kikiona hatari, na zoni yake ya tatu ndiyo inayotazama mbali zaidi. Inapima volteji ikigawanywa kwa kuran inayopita kwenye waya. Volteji imeshuka, kuran imepanda, kwa relei hiyo ni shoti ya mbali, ikaikata laini. Ilifanya ilivyopangwa! Dakika kama nane baadaye watu milioni 50 wa Marekani na Kanada hawana umeme.

Wachunguzi walisema kama megawati 1,500 zingekatwa upande wa Cleveland na Akron kabla ya Sammis-Star kutoka, huenda yote yangeishia hapo. Yaani delestaje, kukatia watu fulani umeme makusudi! Ile ya ratiba, ya kukosa umeme wa kutosha, itukaneni mnavyotaka, hata mimi naitukana. Ile ya kukata ndani ya sekunde chache ili kuokoa mtandao naitetea. Sisi Katanga tuna ile laini ya kuran mfululizo (DC) kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kama kilomita 1,700, tangu 1982. Hiyo haibebi mzigo wa jirani ovyo, mitambo yake ndiyo inaamua ipitishe kiasi gani, ila ikitoka megawati zake zinapotea kwa mpigo, Nseke na Nzilo, vituo vyetu vya umeme wa maji, zinavutwa, laini ya kilovolti 220 ya kutoka Zambia inavutwa, frikwensi inashuka chini ya hezi 50 za kawaida, na hapo lazima relei zikate mitaa fulani haraka kabla mashine zenyewe hazijajitoa.

Kwa hiyo mtu akiniletea uchambuzi wenye ramani za rangi nzuri, nafungua kwanza ukurasa unaoonyesha relei zimepangwa vipi, naangalia zoni ya tatu itaona nini jioni ya mzigo mkubwa volteji ikiwa imeshuka. Kama ukurasa huo haupo, ninamrudishia.