Kyubiti zilizofungamana hazitumiani meseji

Kila nikimaliza kufundisha kompyuta za kwantamu lazima mtu anifuate: "Mwalimu, kwa hiyo lini tutatuma meseji kuishinda kasi ya mwanga?" Wiki hii wameniuliza watatu, basi ngoja niandike.

Jamani, kyubiti ni biti ya kwantamu, ukiipima inatoa 0 au 1; mbili zikifungamana matokeo yake yanahusiana hata zikiwa mbalimbali, lakini hakuna meseji inayoenda. Jaribu mwenyewe, kyubiti mbili zinatosha: geti la Hadamard (linaloiweka nusu 0, nusu 1) kwenye ya kwanza, geti la CNOT (linalogeuza ya pili pale ya kwanza ikiwa 1) kuifunga na ya pili, endesha sakiti hiyo, yaani mfuatano wa mageti, mara 1000. Utaona 00 karibu nusu, 11 karibu nusu, na vile vi-01 na vi-10 vichache ni makosa ya mashine. Wengi wanaishia hapo wanashangilia. Sasa soma kyubiti ya pili peke yake, kana kwamba ya kwanza huijui kabisa: sifuri kama 500, moja kama 500. Rudi ubadilishe pembe ya kupimia ile ya kwanza, izungushe utakavyo, endesha tena, ya pili bado nusu kwa nusu! Aliyekaa upande ule atajuaje umegusa kitu? Kufanana kunaonekana pale tu mnapoweka matokeo yenu pamoja, na hayo matokeo yanapita kwenye kebo au redio kama data nyingine zote. Ndiyo maana nawaambia kila siku, kabla ya kuchora grafu yoyote hesabu kila kyubiti peke yake.

Wengine wanasema basi ni kama viatu, kila mfuko kimoja, ukifungua ukakuta cha kushoto unajua mwenzako ana cha kulia. Kwa 00 na 11 peke yake sikatai, viatu vinatosha. Ila pima ya kwanza kwa nyuzi 0 au 90, ya pili kwa 45 au 135, halafu piga hesabu ya CHSH ya mwaka 1969, inayojumlisha jinsi matokeo ya pembe hizo yanavyofanana kuwa namba moja, iliyotokana na kazi ya mwanafizikia John Bell ya 1964. Kilichopangwa mapema kama viatu hakivuki 2, kwantamu inaruhusu hadi 2.83. Na huhitaji mashine kubwa, ile kompyuta ya kwantamu ya IBM iliyowekwa mtandaoni 2016 ilikuwa na kyubiti 5 tu.

Ukipata 2.5 usije ukasema umefunga mjadala wote. Kyubiti zako ziko kwenye chipu moja, na muda wa kuzipima mwanga ungekuwa umeshaivuka chipu hiyo mara nyingi mno, kwa hiyo mtu bado anaweza kudai zimewasiliana kimyakimya. Kule Delft, Uholanzi, mwaka 2015 waliziba huo mwanya kwa kutumia almasi mbili zilizoachana kilomita 1.3.