Jina la benki juu ya meseji sio muhuri

Watu wengi bado wanaamini meseji ikiingia na jina la benki badala ya namba basi imetoka benki, eti jina halichezewi. Sio kweli. Lile jina ni maandishi tu anayojaza mtumaji kwenye mfumo wa kutuma meseji nyingi, mwisho herufi 11, na simu yako haina namna ya kuuliza we ni nani kweli, inaonyesha ilichopewa basi. Kinachozuia ni mitandao ya simu kusajili majina na kuchuja, sa mchujo ukiwa na tundu mtu anapita.

Na hapa ndo pabaya zaidi, simu inapanga meseji kwa kuangalia jina, kwa hiyo ya tapeli ikiandikwa vilevile inakaa chini ya zile za kweli, pale pale kwenye taarifa zako za salio za mwezi jana. Nani atashtuka? Singapore Desemba 2021 wateja wa benki ya OCBC walipigwa hivyo hivyo, kama 790, zikaenda dola za Singapore milioni 13.7. Toka 31 Januari 2023 kule jina lisilosajiliwa linabadilishwa, meseji inakuja na onyo kwamba huenda ni utapeli.

Ila usajili nao hauzuii kila kitu, kuna wanaotembea na mitambo inayojifanya mnara wa simu, meseji inaukwepa mtandao mzima na kutua kwako moja kwa moja. Ukiwa na shaka piga namba iliyo nyuma ya kadi, usibonyeze linki.