GLIBC_2.34 haipo: kabla hujaigusa seva, uliza programu ilikompailiwa wapi

Mistari hii miwili ya kosa, ambayo hutokea programu isipoliona kwenye seva toleo la maktaba inalolihitaji, huwatia watu kiwewe kuliko inavyostahili:

./maziwa: /lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6: version `GLIBC_2.32' not found
./maziwa: /lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6: version `GLIBC_2.34' not found

Safari hii ilinifikia Mbeya kwa WhatsApp, ikiwa picha ya kioo cha kompyuta iliyopigwa kwa simu. Aliyeituma ni mama mhasibu wa chama kimoja cha wafugaji wilayani Rungwe. "Mwanangu, mashine imeanza kuongea Kizungu na watu wamesimama na ndoo zao." Programu yenyewe, iliyoandikwa kwa lugha ya Go, husoma uzito wa maziwa kwenye mizani, huandika jina la mfugaji na kutoa risiti. Usiku uliotangulia, kijana aliyeiandika, ambaye yuko Dar es Salaam, alikuwa amepakia toleo jipya. La zamani lilikuwa bado kwenye folda, kwa hiyo tukalirudisha kwanza, maziwa yakapokelewa, ndipo tukakaa kuchunguza. Uchunguzi ukifanywa watu wakiwa kwenye foleni huzaa maamuzi ya ovyo.

Kijana alikuwa na dawa tayari: "Kaka, seva imezeeka, tuipandishe glibc tu." Hilo neno "tu" ndilo lililonifanya niandike makala hii.

glibc ni maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu kwenye Ubuntu au Debian huiegemea ili kufungua faili, kuomba kumbukumbu au kutuma data kwenye mtandao. Kila mfumo huja na toleo lake na hubaki nalo mpaka mwisho wa maisha yake. Ubuntu 20.04 ina 2.31, sawa na Debian 11. Ubuntu 22.04 ina 2.35, na Debian 12 ina 2.36. Seva ya Rungwe ni Ubuntu 20.04, kompyuta ya kijana ni Ubuntu 22.04. Hapo tayari jibu limeanza kuonekana.

Anayepita Mbeya anaijua TAZARA. Reli yake ina upana wa milimita 1,067, na ile ya zamani ya Reli ya Kati ina 1,000, ndiyo maana behewa la huku haliendi tu kule, mzigo sharti uhamishwe. Ila mfano huu unachechemea mahali pamoja, na ni mahali muhimu: glibc inakubali upande mmoja. Programu iliyokompailiwa (yaani iliyogeuzwa kutoka msimbo kuwa faili la kuendeshwa na mashine) kwenye mfumo wa zamani huendelea kufanya kazi kwenye mfumo mpya, kwa sababu maktaba mpya hutunza matoleo ya zamani ya kazi zake (functions). Kinyume chake hakina uhakika. Programu inapokompailiwa, ndani yake huandikwa kila kazi itakayoiomba maktaba pamoja na namba ya toleo la kazi hiyo. Ikifika kwenye seva, kipakiaji, kile kiprogramu kinachoiunganisha programu na maktaba zake, hulinganisha namba hizo na zilizopo kabla programu haijaanza hata kidogo. Isipoiona moja, hukataa.

Sasa kwa nini kila mara ni 2.34? Wengi hudhani programu yao imetumia kitu kipya cha ajabu. Sivyo. Toleo la 2.34 lilitoka Agosti 2021, na ndani yake maktaba kadhaa zilizokuwa zinajitegemea, ikiwemo libpthread ya nyuzi (threads) na libdl ya kupakia maktaba, ziliunganishwa ndani ya libc. Kazi nyingi zikapewa namba mpya. Kubwa zaidi, `__libc_start_main`, ile inayoanzisha programu kabla ya mstari wako wa kwanza, nayo ilipata toleo jipya la 2.34. Maana yake, hata programu ya C ya mistari mitatu inayochapisha "Habari", ukiikompaili kwa njia ya kawaida kwenye Ubuntu 22.04, itadai GLIBC_2.34. Mwandishi hajafanya lolote jipya, amekompaili tu kwenye kompyuta mpya kuliko seva. Ile 2.32 nayo ina kisa kama hicho: `pthread_sigmask` ilihamia libc katika toleo hilo, na programu za Go zinazochanganywa na C huitumia.

Kuthibitisha hakuhitaji kubahatisha. Kwenye seva:

ldd --version

Kwenye faili la programu:

objdump -T maziwa | grep -o 'GLIBC_[0-9.]*' | sort -Vu

Namba ya mwisho kwenye orodha ndiyo sharti la programu. Ikizidi ya seva, umeshamaliza uchunguzi. Angalia tu usichanganye GLIBC na GLIBCXX; hiyo ya pili ni ya maktaba ya C++, na ina tiba yake. Na faili usilolijua lilikotoka usilichunguze kwa `ldd`, kwani katika hali fulani `ldd` huweza kuliendesha faili lenyewe. `objdump` husoma tu.

Turudi kwenye "tuipandishe glibc tu". Kuchukua libc.so.6 ya mashine nyingine na kuibandika juu ya iliyopo ni njia ya haraka ya kuiua seva. libc na kipakiaji chake, ld-linux, ni pacha wa toleo moja. Ukiwatenganisha, `ls` inakufa, `cp` inakufa, `sudo` inakufa, na anayejaribu kuingia upya kwa ssh haingii. Kama mtu ameshakufanyia hivyo na una teminali iliyobaki wazi kama root, usiifunge kwa gharama yoyote: `cd` na `echo *` bado zinafanya kazi kwa kuwa zimo ndani ya sheli yenyewe, na kama busybox-static, mkusanyiko wa amri za msingi usioitegemea glibc ya seva, ilikuwemo unaweza kurudisha faili la awali. Usipokuwa nayo, tafuta flashi ya kuwashia mashine na uanze safari ya Tukuyu. Kuongeza hazina ya vifurushi vya 22.04 ndani ya 20.04 ni balaa lilelile linalokuja polepole zaidi.

Kijana akaja na wazo la pili, safari hii zuri nusu: aikompaili kwa `CGO_ENABLED=0`, yaani bila kuchanganya msimbo wa C, Go isiiguse glibc kabisa. Kwa programu nyingi za Go hiyo ndiyo tiba, na ningeianzia hapo. Lakini programu hii huhifadhi rekodi kwenye SQLite kwa kutumia go-sqlite3, ambayo ni ya C ndani. Ilikompailika bila malalamiko, ikawaka bila malalamiko, ikaja kugoma ilipotaka kufungua hifadhidata. Angeweza kuhamia maktaba ya SQLite iliyoandikwa kwa Go tupu, modernc. Sikumshauri abadilishe msingi wa hifadhidata ya malipo ya watu kwa ajili ya kosa la upakiaji.

Tulichofanya ni kukompaili kwenye mfumo wa zamani kuliko wote unaotumiwa na wateja wake. Hakuhitaji kuishusha kompyuta yake: alivuta kontena la Docker (mfumo mdogo uliofungashwa, unaoendeshwa ndani ya kompyuta yake) la golang lenye lebo ya bullseye, yaani Debian 11 yenye glibc 2.31, akakompailia humo, akanitumia faili. `objdump` haikuonyesha chochote kilichozidi 2.31. Faili hilohilo linafanya kazi Rungwe kwenye 20.04 na kwake kwenye 22.04. Wanaotumia Rust au C wanaweza pia kulenga musl, maktaba mbadala wa glibc, na kupata faili lisilotegemea maktaba yoyote ya seva, mradi maktaba za C wanazoziita nazo zikubali.

Kwamba seva imezeeka ni kweli, lakini hilo ni suala jingine. Msaada wa kawaida wa Ubuntu 20.04 ulikoma mwaka 2025, na inabidi ihamishwe. Nimeuomba uongozi wa chama unipe siku nitakapoweza kuizima baada ya maziwa ya asubuhi kupokelewa, nikiwa na nakala ya data mkononi. Ubuntu 22.04 inakuja na OpenSSL 3, maktaba ya mawasiliano salama, na haina libssl1.1 ya toleo la zamani, na nimeshaona kwa `objdump -p` kwamba programu ya kutuma SMS kwa wafugaji inaidai libssl.so.1.1. Aliyeiandika hapatikani kwa simu. Mpaka apatikane, au tupate nyingine, 20.04 itabaki pale pale.

Kwa sasa, hati ya kijana ya kutoa matoleo ina hatua mpya kabla ya kupakia: ile amri ya `objdump` hapo juu, na namba ya mwisho ikizidi 2.31, faili haliondoki Dar es Salaam.