Magurudumu ya Sanduku Hayaondoi Uzito

Juma lililopita nilimpokea bibi mmoja aliyewasili kutoka Muscat na masanduku matatu yaliyojaa hadi zipu zikavimba. Nilipomweleza kwamba gari lingesimama Forodhani, na kuanzia hapo tungekwenda kwa miguu hadi hoteli yake ya Hurumzi, alinitazama kwa mshangao. "Mwanangu, uwanja na mjini ni hapa na hapa, na masanduku yangu yana magurudumu. Taabu iko wapi?" Nikamjibu, "Hakuna taabu, bibi, lakini tusiyavute." Maneno kama hayo nimeyasikia kwa wageni wa kila taifa katika miaka 19 ya kupokea wageni wa hoteli ndogo za Mji Mkongwe wa Zanzibar, na safari hii nimeona niyajibu kwa maandishi.

Kuhusu umbali bibi yule alikuwa na haki. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, pale Kisauni, hadi mjini hakufiki kilomita 10, tena ni barabara ya lami. Chukua teksi au gari lililotumwa na hoteli, mpatane nauli kabla mizigo haijaingia kwenye buti. Mwenye begi moja la mgongoni anaweza kupanda daladala nambari 505 kama wenyeji, lakini mwenye sanduku la kilo 30 asijaribu, kwa sababu atawabana abiria wenzake na mwisho atashushwa mahali ambapo kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Kazi yenyewe ni zile mita mia mbili au tatu za mwisho. Mji Mkongwe ulijengwa kwa ajili ya watu na punda. Magari yaliukuta umeshajengwa, nayo hupita pembezoni tu: Mizingani upande wa bahari, Shangani na barabara ya Kenyatta, na Darajani, ambako zamani palikuwa na mkono wa bahari na daraja lililoupa mtaa jina lake. Kwa hiyo, unapoweka nafasi hotelini, usiulize tu ni kilomita ngapi kutoka uwanjani. Uliza gari husimama wapi, na kutoka hapo pana kona ngapi na ngazi ngapi. Wa Hurumzi kwa kawaida hushukia Forodhani, wa Mkunazini hushukia upande wa Darajani, na wa Kiponda hutegemea hoteli iko upande gani wa mtaa.

Sasa nije kwenye magurudumu, maana hapa ndipo subira yangu inapokwisha. Watu huamini kwamba sanduku lenye magurudumu halina uzito, na imani hiyo ni kweli kwenye sakafu ya uwanja wa ndege, ambako ni laini kama kioo. Vichochoro vyetu vina mawe yaliyochakaa, viraka vya saruji, vifuniko vya mifereji na mchanga. Gurudumu la sanduku ni dogo, na gurudumu dogo likikutana na ukingo wa jiwe haliupandi, bali linaugonga. Kila pigo huingia kwenye ekseli yake na kwenye misumari iliyoshikilia mpini. Masanduku mapya yenye magurudumu manne yanayozunguka pande zote ndiyo mabaya kuliko yote, kwa kuwa hayataki kulazwa, na gurudumu moja likitumbukia kwenye ufa, sanduku zima hugeuka ubavu na kumpindua mkono aliyelivuta. Yale ya zamani yenye magurudumu mawili yasiyogeuka huvumilia zaidi: ukiyainamisha, sehemu ya uzito inabaki mkononi mwako, nawe unaweza kuyanyanyua kidogo kila unapoona ukingo unakuja. Nina ndoo ya magurudumu yaliyong'oka ambayo tumeyaokota vichochoroni, na karibu yote ni ya aina ile mpya.

Mkokoteni wa hamali una matairi makubwa, na ndiyo maana hupita juu ya mawe hayohayo bila kelele. Mahali unapoenea, utumie. Usipoenea, mzigo unakwenda begani au kichwani juu ya kata ya kanga, na hapo namna ulivyofungasha inaonekana. Kilo 30 katika masanduku mawili zinabebwa na mtu mmoja, huku na huku, mwili ukiwa wima. Kilo hizohizo katika sanduku moja humpinda mgongo kabla hajafika kona ya pili.

Kisha zipo ngazi. Nyumba za kale ziliezekwa dari kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba. Ngazi zikapewa nafasi iliyobaki, zikawa nyembamba na zenye kusimama sana. Hakuna lifti. Sanduku refu hupanda vizuri hadi kwenye kona ya ngazi, na pale hukwama, halipandi wala halishuki.

Kuna jambo ambalo bado linanisumbua. Mashirika mengi ya ndege hayapokei sanduku moja lenye zaidi ya kilo 32, kwa ajili ya kulinda migongo ya wafanyakazi wao, na mimi kwa miaka mingi nimewakabidhi vijana wetu masanduku hayohayo kana kwamba migongo yao ni ya chuma. Nilijaribu kuwapanga wawili wawili. Kichochoroni hawaenei bega kwa bega, na wa nyuma haoni anapokanyaga. Kwenye ngazi, yule wa chini ndiye anayebeba sehemu kubwa ya mzigo. Malipo tuliyaweka kwa idadi ya masanduku, jambo linalomfaidi mwenye sanduku moja zito na kumwonea mbebaji. Kulipisha kwa uzito kungekuwa haki zaidi, lakini sijaridhika kwamba ni adabu kumtolea mgeni mizani barazani kabla hajanywa hata maji.

Masanduku mawili ya bibi yule yalipanda salama. La tatu lilikwama kwenye kona ya ngazi, tukalirudisha chini na kulifungua hapo mapokezi kwa idhini yake. Ndani mlikuwa na vitambaa, dawa za mkwewe na mikebe ya halua, minane kwa hesabu yangu. Vijana walipandisha vitambaa na mikebe kwa mikupuo mitatu, na sanduku lenyewe, likiwa tupu, likapita kwenye kona kwa kulalishwa ubavu. Mkebe mmoja bibi aliubakisha chini, akawaambia wale vijana waufungue.