Picha ya kiungo kwa mwanga na sauti: maana ya fotoakustika

Mgonjwa wa baridi yabisi, ile inayotokea pale kinga ya mwili inapougeukia mwili wenyewe, anaweza kupigwa eksirei katika miezi ya mwanzo na kuambiwa kuwa mifupa yake ni mizima, ilhali vidole vimevimba na asubuhi havikunjiki. Jibu hilo ni la kweli ila halitoshi, kwa sababu eksirei huonyesha mfupa, na ugonjwa huanzia kwenye utando laini uliokizunguka kiungo kwa ndani. Utando huo huvimba, huota vimishipa vingi vipya vya damu, na baadaye ndipo gegedu na mfupa huanza kulika.

Altrasaundi ya Doppler husaidia sana hapa, maana huonyesha utando uliovimba pamoja na damu inayopita ndani yake. Hata hivyo hutegemea mwendo wa damu, na katika vimishipa vyembamba kabisa damu huenda polepole mno, hata isionekane vizuri. MRI, yaani mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, huona mengi zaidi, lakini ni ghali.

Fotoakustika ni njia ya kuifuata damu yenyewe, iwe inakwenda au imetulia, bila kuchoma sindano wala kutumia mionzi ya eksirei. Leza humulika kidole kwa mimweko inayodumu sehemu chache tu za bilioni moja za sekunde. Himoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake, hunyonya mwanga huo, hupata joto dogo sana, hutanuka ghafla, na mtanuko huo huzaa wimbi la sauti lisilosikika kwa sikio, ambalo hunaswa na kipokezi cha altrasaundi na kugeuzwa picha. Kwamba mwanga unaokatizwakatizwa huweza kukifanya kitu kitoe sauti, Alexander Graham Bell alikwisha kuligundua mwaka 1880. Faida ya kusikiliza badala ya kutazama ni kwamba mwanga hutawanyika ndani ya nyama kama taa za gari kwenye ukungu, ilhali sauti hutoka bila kupotea njia kiasi hicho.

Tena, kwa kubadilisha rangi ya leza, daktari hupata kukadiria oksijeni iliyomo katika damu hiyo, kwa kanuni ileile ya kile kifaa cha kubana kidoleni ambacho wengi tulikizoea wakati wa Uviko. Nao utando wenye uvimbe mara nyingi huwa na upungufu wa oksijeni.

Mwanga, hata hivyo, hauendi mbali zaidi ya sentimita chache, kwa hiyo vidole na kifundo cha mkono huonekana vizuri, lakini nyonga haifikiki. Liko pia jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha: melanini ya ngozi nyeusi nayo hunyonya mwanga na kutoa sauti yake kabla mwanga haujafika kiungoni. Kifaa cha kidoleni kimekwisha kuonekana kikisoma oksijeni juu kuliko ilivyo kwa baadhi ya watu weusi, hivyo mashine za fotoakustika, ambazo kwa sehemu kubwa bado zimo katika utafiti, zinapaswa kupimwa kwenye ngozi kama zetu kabla ya kuletwa hospitalini.