Tauni ya Roma haikuleta desturi ya kuitikia chafya

Kiangazi kikikolea na vumbi la Tabora likianza kuingia hadi chini ya vitanda, makundi ya WhatsApp hupokea tena ule ujumbe wa kila mwaka: kwamba kumwombea mtu aliyepiga chafya kulianzishwa na Papa Gregory wa Kwanza mwaka 590, Roma ilipokumbwa na tauni. Chafya ilikuwa dalili ya kifo, basi mtu aombewe upesi. Kazi yangu ni historia ya dini na desturi kwenye njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, kwa hiyo ujumbe huo hunifikia kutoka kila upande, mashemeji wakiongoza.

Tauni ilikuwepo kweli. Ilimuua Papa Pelagius wa Pili, na Gregory aliyemrithi akaongoza maandamano ya sala mitaani. Tatizo ni tarehe. Mwandishi wa Kirumi Pliny Mkubwa, aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, alikuwa tayari anauliza kwa nini watu huwatakia heri wanaopiga chafya. Anasimulia kwamba Kaisari Tiberius, mtu mwenye sifa ya kununa, alidai atakiwe heri hata akiwa safarini ndani ya gari lake. Jambo lililokuwa la kawaida Roma miaka mia tano kabla ya Gregory, Gregory hakuliasisi.

Wagiriki nao waliiona chafya kama ishara, wala si ugonjwa. Mwaka 401 KK jeshi la mamluki wa Kigiriki lilikwama ndani ya himaya ya Uajemi. Xenophon, mmoja wa viongozi wao, alikuwa akiwahutubia kuhusu kuokoka, mara askari mmoja akapiga chafya, na wote wakainama kumsujudia mungu. Hakuna aliyemwambia yule askari pole.

Ukiniuliza mimi, mzizi uko hapa: chafya haiombi ruhusa. Neva ya pua hupeleka habari kwenye shina la ubongo, na kifua, koo na macho hutii kabla mwenye mwili hajaamua. (Moyo hausimami, hilo nalo lifutwe kwenye simu zenu.) Kitu kinachokutikisa bila wewe kutaka, watu wa kale walidhani kimetoka kwingine. Kimetoka wapi, na kimekuja kufanya nini, hapo ndipo kila jamii ikatunga jibu lake.

Majibu hayo hayafanani hata kidogo. Masimulizi ya kale ya Kiyahudi yanasema kwamba kabla ya Yakobo hakukuwa na maradhi: mtu alipiga chafya njiani au sokoni, roho ikamtoka puani, basi. Yakobo akaomba apewe muda wa kuusia wanawe, na tangu hapo anayepiga chafya hutakiwa uhai. Lakini fungua Wafalme wa Pili, sura ya 4: mtoto wa yule mama Mshunami, aliyekuwa amekufa, anapiga chafya mara saba na kufumbua macho. Na katika hadithi ya Mtume Muhammad iliyopokewa na Tirmidhi, mkusanyaji wa hadithi hizo, Adamu alipopulizwa roho alipiga chafya, akasema Alhamdulillahi. Kwa hao, chafya ni uhai unaoingia. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kila mwitikio ni kinga dhidi ya kifo. Mwingine ni pongezi tupu.

Shukrani hiyo ya Adamu ndiyo iliyopanda na misafara kutoka pwani. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 walikuta tayari kuna wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, na kwa Mwislamu mpangilio unajulikana: mpiga chafya huanza yeye, Alhamdulillahi, mwenzake hujibu Yarhamukallah (Mungu akurehemu), naye mpiga chafya humalizia kwa kumwombea mwenzake uongofu na mambo mema. Kinyarwanda, ndugu wa karibu wa Kiha na Kirundi, nacho hurudisha heri kwa watu: ukiambiwa Urakire, yaani uwe mzima, unajibu Twese, yaani sisi sote. Napenda sana jibu hilo.

Kwa anayesema “afya” au “pole”, msikilizaji ndiye anayeanza. Hapo ndipo watu huchukiana bure ndani ya daladala ya Kigoma Mjini kwenda Ujiji. Hadithi mashuhuri inaeleza watu wawili waliopiga chafya mbele ya Mtume. Akamwombea mmoja, mwingine akamwacha. Alipoulizwa, alisema huyu amemhimidi Mwenyezi Mungu, yule hakumhimidi. Kwa hiyo mzee wa kanzu aliyekaa pembeni yako akinyamaza baada ya chafya yako ya kimyakimya, hajakudharau: anasubiri uanze. Na ukiendelea hadi ya nne, usimsubirie tena. Mafundisho yaleyale yanasema chafya zikizidi tatu, hayo ni mafua.