Vasospazimu: mshipa wa ubongo unapobana baada ya damu kukoma

Vasospazimu ni kubana kwa mishipa ya ateri ya ubongo. Inayozungumziwa hapa hufuata kupasuka kwa anyurizimu, yaani sehemu ya mshipa iliyotuna kama puto, damu ikamwagika kuuzunguka ubongo. Kinachowachanganya ndugu ni siku zake. Daktari ameshaziba palipopasuka, mgonjwa anaongea, uji anakunywa, nanyi mmeshawapigia simu watu wa Ukerewe kuwa hali ni shwari. Kumbe hatari hii huja kati ya siku ya 3 na ya 14 tangu mshipa upasuke, na huwa kali zaidi wiki ya kwanza inapoisha.

Shangazi yangu, muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba, siku ya 8 alinyoosha mkono wa kushoto apokee kikombe, vidole vikakataa kukaza. Hakikuanguka kwa kuwa nilikuwa bado nimekishika. Nikadhani ni uchovu. Nesi akamwambia, "Mama, inua mikono yote miwili." Wa kushoto ukashuka taratibu, na daktari akaitwa papo hapo. Anayeuguza aliweke hili moyoni: mkono kulegea, ulimi kuwa mzito, usingizi usioeleweka, ni mambo ya kumwambia nesi dakika ileile.

Mshipa unabana kwa nini? Damu iliyomwagika huanza kuvunjika, himoglobini, yaani kinachoipa damu wekundu wake, ikatoka na kunyonya naitriki oksaidi, gesi ambayo mshipa huitumia kujilegeza. Wakati huohuo endothelini, kemikali inayokaza mshipa, huongezeka. Wanaomwagilia nyanya kandokando ya ziwa wataelewa haraka: mpira ukikunjika, pampu inanguruma na ziwa limejaa, lakini miche ya mwisho inanyauka.

Hapo ndipo madaktari watafiti walipokuta fumbo. Klazosentani, dawa inayozuia endothelini, ilijaribiwa katika utafiti wa CONSCIOUS-1 uliochapishwa mwaka 2008. Kubana kwa mishipa kulipungua, ila wagonjwa hawakupona vizuri zaidi. Nimodipini, dawa nyingine, ikaonyesha kinyume chake: katika utafiti wa Uingereza wa mwaka 1989, wenye wagonjwa 554, sehemu ya ubongo ilikufa kwa asilimia 22 ya waliopewa dawa na asilimia 33 ya wasiopewa, ilhali picha za mishipa hazionyeshi kwamba dawa hiyo huipanua sana. Kwa hiyo siku hizi hutenganishwa mambo mawili. Vasospazimu ni kile kinachoonekana kwenye picha; iskemia ya kuchelewa ni ubongo wenyewe kukosa damu, na huenda ikachangiwa pia na vibonge vidogo vya damu, uvimbe, au mawimbi ya umeme yanayotambaa juu ya ubongo. Kwangu mimi kipimo cha kweli cha dawa ni iwapo mgonjwa, miezi kadhaa baadaye, anavaa mwenyewe na kurudi sokoni.

Nimodipini kwa kawaida hutolewa miligramu 60 kila baada ya saa 4, kwa siku 21. Shangazi alikuwa akiamshwa saa nane usiku, nasi tukimwonea huruma tulitaka aachwe alale. Tulikosea. Vilevile ndugu wakichoshwa na gharama huomba ruhusa mapema ili wapande meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe. Wiki ya pili si ya kumpandisha mgonjwa huyu melini, maana mkono ukilegea katikati ya maji, hakuna wa kumpima wala kumtibu mpaka meli ifike.